Beki aliyeshuka shimoni kutazama miguu

Ukikaa kitini kando ya uwanja, macho yako hukutana na vifua na vichwa vya wachezaji. Donald Colman hakuwa na haja na vifua. Katika miaka ya 1930, akiwa mkufunzi wa Aberdeen ya Scotland, alitaka kuona nyayo: nani anakanyaga wapi, nani anageuka kwa mguu upi. Basi kando ya uwanja wa Pittodrie, jirani kabisa na Bahari ya Kaskazini, likachimbwa shimo na kuezekwa paa. Colman akashuka humo na daftari lake. Njumu zikapita karibu usawa wa macho yake, na mvua ya huko, ambayo haina adabu, haikulowesha karatasi.

Shimo hilo ndilo babu wa benchi la ufundi la leo, ingawa siku hizi benchi limekuwa safu ya viti vya kifahari, na kocha mwenyewe hutumia dakika 90 akiwa wima anapiga kelele.

Hata jina la Colman lilikuwa la kujificha. Alizaliwa mwaka 1878 kwa jina la Donald Cunningham, kijijini Renton. Usikidharau kijiji hicho: mwaka 1888 klabu yake iliwafunga West Bromwich Albion, mabingwa wa Kombe la FA la Uingereza, ikajitangaza bingwa wa dunia. Katika kijiji cha namna hiyo mtoto angeachaje mpira? Lakini baba yake hakutakiwa kujua kwamba kijana anacheza, kwa hiyo akaazima jina la ukoo la bibi yake, Colman. Halikumtoka tena.

Alikuwa beki wa kulia, na umbo lake dogo halikuwavutia wenye klabu. Mwaka 1907 klabu yake, Motherwell, ilimwacha aende zake bure. Alikuwa anakaribia miaka 29, umri ambao beki wa enzi hizo alianza kuhesabiwa siku. Jimmy Philip, meneja wa Aberdeen, akamwokota. Klabu yenyewe ilikuwa changa, imeundwa mwaka 1903 kwa kuunganisha timu tatu za mji.

Timu wakati huo zilipanga mabeki wawili tu nyuma. Sheria ya kuotea, hadi mwaka 1925, ilimtaka mshambuliaji awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli. Beki mmoja akipanda mbele kwa wakati, mshambuliaji ameshaotea. Akichelewa nusu hatua, kipa ameachwa peke yake na msiba. Kazi ilihitaji jicho kuliko kifua kipana, na jicho Colman alikuwa nalo.

Msimu wa 1910/11 Aberdeen ilishika nafasi ya pili nyuma ya Rangers. Msimu huohuo, Machi 1911, Scotland ikamwita kwa mara ya kwanza. Miaka 32! Alicheza dhidi ya Wales, Ireland na Uingereza, kisha akaitwa tena mwaka 1913. Mechi nne, basi. Aberdeen aliiacha mwaka 1920, amekwishavuka miaka 40.

Mwaka 1931 akarudi Pittodrie kama mkufunzi. Alipenda ndondi na dansi kupita kiasi, na ukifikiri utaona michezo yote miwili ni habari ya miguu: wapi uweke uzito, lini uuhamishe. Ndiyo maana ya lile shimo.

Wachezaji wa Everton walipofika Aberdeen kwa mechi ya kirafiki, wageni waliliona, wakalipenda, wakarudi Liverpool na kutengeneza la kwao katika uwanja wa Goodison Park. Kwenye nyasi hizohizo, Aprili 1911, Colman alikuwa amevaa jezi ya Scotland dhidi ya Uingereza, mechi ikaisha 1-1.