Pamba ya Jumbe

Viwanda vya nguo vya Ujerumani vilitegemea sana pamba ya Marekani, na wenye viwanda hawakuupenda utegemezi huo. Walitaka pamba ya makoloni. Mwaka 1902 Gavana von Götzen wa Afrika Mashariki ya Kijerumani akaanzisha mashamba ya pamoja ya pamba, yakisimamiwa na majumbe (wakuu wa vijiji) na maakida (wasimamizi wao).

Kila mwanamume alitakiwa kulima mashamba hayo siku 28 kwa mwaka. Hiyo ni hesabu ya karatasini. Pamba hudai palizi na uchumaji wakati uleule ambao mtama na mpunga wa nyumbani vinahitaji mkono, na nguruwe wa porini hawajui kalenda ya ofisi ya serikali. Mwenye kuchelewa alionja kiboko. Ujira ulikuwa mdogo kiasi kwamba wapo walioukataa.

Julai 1905, Nandete katika milima ya Umatumbi, wazee waling'oa miche michache ya pamba. Barua haikuandikwa, lakini hilo lilikuwa tangazo la vita.

Vita hivyo, vilivyoitwa Vita vya Maji Maji, vilienea hadi Mahenge na Ungoni. Risasi ziliua wengi, njaa ikaua zaidi, tena njaa isiyotokana na ukame: wanajeshi wa serikali walichoma maghala na mashamba kwa makusudi. Wajerumani walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wanataja 250,000 hadi 300,000. Upande wa serikali walikufa askari Waafrika 389 na Wazungu 15.