Nyundo za Pythagoras

Wengi wetu tulifundishwa habari hii. Pythagoras alipita karibu na nyumba ya wafua-chuma, akasikia nyundo zao zikipatana sauti. Akazipima: zilikuwa na uzito wa 12, 9, 8 na 6. Ya 12 pamoja na ya 6 zilitoa oktava, ni 2 kwa 1. 12 na 8 kwinta, 3 kwa 2. 12 na 9 kwarta, 4 kwa 3. Kisha, wanasema, alitundika uzito ule ule kwenye nyuzi, akapata sauti zile zile.

Boethius aliandika hayo mwanzoni mwa karne ya 6, na kwa kitabu chake habari ikaingia katika monasteri za Ulaya. Hata Guido wa Arezzo, mwalimu wa noti, aliirudilia katika Micrologus.

Basi, si kweli. Uzito wa nyundo hauamrishi sauti namna hiyo. Na nyuzi je? Twaeni mbili zilizo sawa kwa urefu na unene, tundikeni uzito wa 6 kwa mmoja, wa 12 kwa mwingine. Hamtasikia oktava, mtasikia tritono, ile inayokwaruza masikio ya waimbaji! Kazi ya asubuhi moja ingetosha kufunua kosa, lakini walimu walinakili kwa miaka zaidi ya elfu. Kuheshimu wakubwa ni kwema. Hapa kuliziba masikio.

Hesabu zenyewe si za uongo, lakini ni za urefu wa uzi. Mwenye gitari ajaribu: nusu ya uzi hutoa oktava, theluthi mbili kwinta, robo tatu kwarta. Labda ndiyo sababu hadithi haikushukiwa: kwenye monokordo, chombo cha uzi mmoja walichofundishia, hesabu zilitimia kila mara.

Aliyetundika uzito kweli ni Vincenzo Galilei, mpiga luti wa Firenze, baba ya Galileo. Mwaka 1589 alitangaza kwamba kwa oktava uzito lazima uwe 4 kwa 1, kwa kwinta 9 kwa 4. Mwaka 1636 Padri Marin Mersenne, mtawa wa Waminimi huko Paris, akaeleza sheria nzima: ili uzi utetemeke mara mbili zaidi, mkazo uongezwe mara nne. Naye alitumia nyuzi ndefu mno, zenye kutetemeka polepole, hata akaweza kuhesabu mitetemo kwa macho.