Vita Iliyobaki Nyumbani: Rwanda na Burundi katika Riwaya, Filamu na Katuni

Jioni ya Aprili 6, 1994, ndege iliyowabeba Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi ilitunguliwa ikikaribia kutua Kigali. Walikuwa wakitoka mkutanoni Dar es Salaam. Burundi ilikuwa imeshaanza kuwaka tangu Oktoba 21, 1993, alipouawa Rais Melchior Ndadaye. Nchini Rwanda, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza usiku uleule. Wakimbizi walimiminika Ngara na Kigoma, na habari zikajaa redioni. Ila hadithi zenyewe, zile zinazomwingiza msomaji ndani ya nyumba ya aliyefiwa, zilikuja polepole.

Waandishi walitangulia. Mwaka 1998, tamasha la Fest'Africa la mjini Lille, Ufaransa, liliwapeleka Rwanda waandishi wa Kiafrika wapatao kumi, wakiwemo Boubacar Boris Diop wa Senegal na Véronique Tadjo wa Côte d'Ivoire. Vitabu vyao vilitoka mwaka 2000. Katika riwaya ya Diop iitwayo Murambi, Cornelius anarejea kutoka Djibouti na kugundua kwamba aliyepanga mauaji katika shule ya ufundi ya Murambi ni baba yake mzazi, daktari. Waliouawa pale ni maelfu, na miongoni mwao ni mama yake Cornelius na ndugu zake.

Mwaka huohuo Jean-Philippe Stassen, mchoraji wa Kibelgiji, alitoa kitabu cha katuni, Déogratias. Shujaa wake ni kijana anayezurura na nguo zilizochanika, akitafuta urwagwa, pombe ya ndizi, ili asikumbuke. Kumbukumbu zinapomzidi, anajiona amegeuka mbwa. Hapo maneno hayahitajiki: mgongo unapinda, mikono inashika ardhi, na msomaji anakaa na picha hiyo kadiri moyo wake unavyoweza kustahimili.

Kisha zikaja kamera. Hotel Rwanda ya 2004 ilipigwa kwa sehemu kubwa Afrika Kusini. Mwaka uliofuata zilitoka Sometimes in April, ambayo Raoul Peck wa Haiti aliipiga nchini Rwanda kwenyewe, na Shooting Dogs, iliyopigwa kwenye shule ya ETO, Kigali, palepale ambapo watu wapatao 2,000 waliachwa mikononi mwa wauaji baada ya askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa kuondoka. Baadhi ya waliofanya kazi kwenye filamu hiyo ni manusura. Ukilijua hilo, huwezi tena kulitazama lango la shule ile kama pambo la filamu.

Zamu ya tatu ni ya waliokuwa watoto. Gaël Faye alizaliwa Bujumbura mwaka 1982, mama Mnyarwanda na baba Mfaransa. Riwaya yake Petit Pays ilitoka 2016, ikawa filamu mwaka 2020, na baadaye kitabu cha katuni. Mapema tunakutana na Gabriel na wavulana wenzake wakiiba maembe ya jirani katika mtaa wa Kinanira. Vita inaingia kidogokidogo: muziki wa klasiki redioni, dalili ya mapinduzi, kisha milio ya bunduki, kisha mama yake Gabriel, Yvonne, anayerudi kutoka Rwanda akisimulia alivyosugua sakafu ya nyumba ya shangazi yake, na madoa yakakataa kutoka.

Kwangu mimi, doa hilo linabeba mzigo usiobebwa na takwimu. Mkataba wa amani ya Burundi ulitiwa saini Arusha, Agosti 28, 2000, baada ya juhudi za Mwalimu Nyerere na kisha Mandela. Tunaikumbuka tarehe hiyo kwa haki. Lakini mwishoni mwa riwaya ya Faye, Gabriel, sasa mtu mzima, anarudi mtaani kwao, anaingia kilabuni gizani, na kumkuta mama yake amezeeka kwa pombe. Mama anamtazama, kisha anamwita kwa jina la mtoto aliyeuawa katika nyumba ile ya shangazi.