Kusema Kweli kwa Upendo: Habari za Uamsho na za Mwalimu Festo

Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang ni desturi ya siku nyingi mwenye ng'ombe kumpa rafiki wa mbali baadhi yao amtunzie. Maziwa na samadi ni fungu la mtunzaji, ndama ni wa mwenyewe. Mapatano haya husimama juu ya neno la mtu. Basi mtunzaji akificha ndama, mwenyewe hufanyaje? Mara nyingi hunyamaza, akisema moyoni, "Nikimwambia nitauvunja urafiki." Hunyamaza mwaka, hunyamaza miwili, hata siku ya pombe kweli yote hutoka pamoja na matusi. Wala sisi Wakristo hatukuepukana na jambo hili. Twaketi benchi moja kanisani, na yule ndama yuko kati yetu.

Kwa hiyo yafaa tukumbuke habari za Uamsho wa Ruanda na Uganda, maana watu wale walilijaribu jambo hili hili, tena si bila kujikwaa.

Mwaka 1929 daktari wa misheni, Mwingereza Joe Church, alikutana Namirembe, Kampala, na Mganda Simeoni Nsibambi, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Daktari huyo alikuwa na hospitali huko Gahini, Ruanda, na kazi yake ilikuwa na taabu, kwa kuwa watenda kazi hawakupatana. Mkubwa wa wasaidizi Waafrika, Yosiya Kinuka, alikuwa amechoka na mambo ya pale. Akasafiri mpaka Uganda kumwona Nsibambi. Alipoulizwa habari za Gahini, akamimina manung'uniko yake yote. Ndipo Nsibambi akamjibu kwamba chanzo cha shida ile ni dhambi iliyo moyoni mwake yeye Yosiya. Neno gumu hilo kwa mgeni aliyetoka mbali! Lakini akiwa njiani kurudi Yosiya alilikubali, akafika Gahini mtu mwingine, naye akawa mmoja wa viongozi wa Uamsho. Nadhani asingalilipokea kwa mtu asiyempenda. Tena kama Nsibambi angalimbembeleza tu, angalimrudisha vile vile alivyokuja.

Katika miaka ya 1930 moto ule ukaenea Ruanda na Kigezi, baadaye ukafika Bukoba na Kenya. Watu waliungama, wakarudisha vitu walivyoiba. Jambo hili waliliita kutembea nuruni. Walakini kweli ina ukali, na mwenye kuishika aweza kuwakata wenziwe. Huko Mukono, katika chuo cha wachungaji, wanafunzi wa Uamsho waliamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakawahukumu waziwazi wakubwa wao na wenzao kuwa hawajaokoka. Walipokatazwa hawakutii, na mwaka 1941 zaidi ya ishirini walifukuzwa, William Nagenda akiwa mmoja wao. Wengine huwasifu kwa ushujaa. Mimi naona pande zote mbili zilikosa kitu: hawa walikuwa na neno la kweli wakalisema kama mtu apigaye ngoma sikioni mwa mgonjwa, na wale wakubwa wakaziba masikio yao. Bali jambo moja lastahili sifa, ya kuwa Nagenda na wenziwe hawakujitenga kuunda kanisa lao.

Katika siku hizo alikuwako Kigezi mwalimu kijana, Festo Kivengere, aliyechunga ng'ombe utotoni kama wengi wetu. Alikuwa na chuki juu ya Mzungu mmoja wa misheni. Alipookoka, dhamiri ikamsumbua, akapanda baiskeli akaenda maili 50 kwa mtu huyo. Angaliweza kumhesabia makosa yake, na huenda yalikuwa mengi. Hakufanya hivyo. Alikwenda kuungama chuki yake mwenyewe na kuomba msamaha, nao wakapatana. Baadaye akaja Tanganyika na mkewe Mera, akafundisha shule Dodoma kwa miaka mingi, yaani huku kusini kwetu, ukiisha kupita Kondoa.

Mwaka 1972 akafanywa askofu wa Kigezi, wakati Idi Amin anatawala. Watu waliuawa, na wengi wakanyamaza, wala siwalaumu, maana kusema kulikuwa kufa. Tarehe 10 Februari 1977 maaskofu wa kanisa lao, na Askofu Mkuu Janani Luwum mbele yao, walimwandikia Amin barua. Walimlalamikia juu ya mauaji, na juu ya askari waliopekua nyumba ya Askofu Mkuu usiku. Hawakuandika matusi, wala hawakupunguza neno. Tarehe 16 Luwum akauawa. Festo na Mera wakakimbia usiku kwa miguu, wakapita milimani mpaka Ruanda.

Mwaka huo huo alitoa kitabu kwa Kiingereza, na jina lake ni kusema kwamba anampenda Idi Amin. Waganda wengi waliofiwa na ndugu zao walichukizwa na jina hilo, na ni rahisi kuwaelewa. Lakini ndani ya kitabu mauaji hayakufichwa. Alipoulizwa angefanya nini kama angekuwa na bunduki na Amin yuko mbele yake, alijibu kwamba angempa Amin bunduki ile na kumwambia kuwa hiyo ni silaha yake Amin, bali silaha ya Festo ni upendo.

Amin alikimbia mwaka 1979, na mwaka ule ule askofu akarudi Kabale kwa watu wake.