Kujaribu toleo changa la Ubuntu Studio

Kwenye kompyuta yangu hapa Kakamega zimo rekodi za isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa yahitaji kulindwa kwa haraka. Basi ndugu zangu wa Pwani wakiniuliza kuhusu Ubuntu Studio, mfumo wa bure wa kurekodi sauti uliotoka mara ya kwanza 2007, huwajibu hivi.

Matoleo mapya hutoka Aprili na Oktoba. La majaribio hutangulia kwa wiki chache. Hilo liwashe kutoka kwenye flashi, bila kulisakinisha. Fungua programu ya Ardour, chomeka maikrofoni, rekodi dakika chache, usikilize kama sauti inakatika. Ukiona kasoro, waarifu watengenezaji wairekebishe mapema.

Ukilisakinisha kwenye mashine ya akiba, toleo kamili likitoka huna haja ya kuanza upya: masasisho ya kawaida hukufikisha. Mashine ya kazi iache kwenye toleo la muda mrefu, litokalo kila miaka miwili. Na kabla ya kuipandisha, nakili rekodi zako kwenye diski ya nje. Mfumo ukiharibika hupakuliwa tena. Sauti ya mzee aliyekwisha kufariki haipakuliwi popote.