Kijidudu cha Matumbawe na Jina Lake

Kuruwitu ni kijiji cha pwani katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 40 kaskazini ya Mombasa. Msafiri aendaye Malindi kwa barabara kuu hupita karibu nacho bila kukijua, maana machoni pake yapo mashamba ya mkonge ya Vipingo tu. Hata hivyo sifa zake zimefika mbali. Samaki walipopungua mno katika maji yao, wazee wa mahali hapo waliunda chama mwaka 2003, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha bahari chenye ukubwa wa hektari 30 hivi, wakapiga marufuku kuvua humo. Lilikuwa tengo la kwanza la namna yake nchini Kenya, na mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliwatunuku wenyeji hao kwa kazi yao.

Niliwapeleka huko wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu siku moja ya bamvua, maji yalipokuwa yamekupwa hata mwamba ukabaki wazi. Mzee mmoja mvuvi alituongoza. Alituonyesha matumbawe mazima, ya zambarau na ya kahawia, kisha tukafika mahali palipobaki mifupa mitupu iliyoota mwani. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Babu, haya yaliuawa na nini?" Mzee akajibu kwamba mengi yalikufa mwaka ule wa joto, yaani 1998. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwizi wa samaki twamjua, ni juya. Mwizi wa tumbawe sikumwona mimi."

Historia ninayotaka kuisimulia hapa ni ya watu waliomtafuta mwizi asiyeonekana kwa macho. Jinsi walivyomtaja, wakakosea, wakamtaja tena.

Yafaa kwanza tujue tumbawe ni nini. Wengi hudhani ni jiwe, na kwa kweli nyumba nyingi za kale za Lamu na Mombasa zimejengwa kwa mawe yake. Lakini jiwe ni mifupa tu. Mwenye mifupa hiyo ni mnyama mdogo sana, aishiye pamoja na maelfu ya wenziwe. Ndani ya mwili wake hukaa mimea midogo ambayo humpa chakula na rangi. Bahari ikipata joto kupita kiasi mimea hiyo humtoka, naye hubaki mweupe, na hali hiyo ikidumu hufa kwa njaa. Tena juu ya ngozi yake kuna ute, na ndani ya ute huo wamo viumbe vidogo zaidi viitwavyo bakteria, vingi kuliko vile vya maji yanayomzunguka. Hao ndio tunaowafuata.

Mtu wa kwanza kuwaona viumbe wa namna hii alikuwa mfanya biashara wa nguo wa Uholanzi, Antoni van Leeuwenhoek. Alisaga vioo vyake mwenyewe, na mwaka 1676 aliandika habari za vinyama vidogo alivyoviona katika maji ya mvua, ya kisima, na hata maji ya bahari aliyoyachota pwani ya Scheveningen. Watu walistaajabu, lakini kwa muda wa karne nzima hawakujua wavipange wapi. Linnaeus, yule Mswidi aliyewapa wanyama na mimea majina mawili mawili ya Kilatini, alipofika kwa viumbe hawa alichoka. Mwaka 1767 aliwatia wengi wao katika kundi moja akaliita Chaos, yaani vurugu. Mimi humpenda kwa ungamo hilo. Mwaka 1773 Otto Friedrich Müller wa Denmark alitumia jina la Vibrio kwa wale wanaotetemeka wakiogelea, na karne moja baadaye, mwaka 1872, Ferdinand Cohn akawagawanya bakteria wote kwa maumbo yao: wa mviringo, wa kijiti, na wa kupindika.

Jina la Vibrio lina historia ya huzuni katika pwani yetu. Kipindupindu huletwa na mmoja wa jamii hiyo. Mwaka 1869 maradhi hayo yalifuata njia za misafara kutoka bara hata Pangani, yakavuka mpaka Unguja, yakaua watu wengi sana. Daktari James Christie, aliyekuwa akikaa Unguja, alikusanya habari za ugonjwa huo kwa wasafiri na wachukuzi, akazitia katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1876. Alijua njia uliyopita, lakini hakumjua aliyeipita. Hali huko Italia Filippo Pacini alikuwa amekwisha kumwona kijidudu huyo mwaka 1854 na kumpa jina, ila hakuna aliyemsikiliza. Sifa alizipata Robert Koch, Mjerumani, aliyemwotesha peke yake mwaka 1884. Mwaka 1965 tu ndipo wataalamu wa majina walipokubali rasmi kwamba jina alilotoa Pacini ndilo lishikwe.

Koch, ambaye baadaye alifika Dar es Salaam kuchunguza maradhi ya nchi za joto, aliacha kanuni ambayo mpaka leo ni kama sheria ya ushahidi mahakamani. Mshitakiwa aonekane kwa mgonjwa. Atolewe na kuoteshwa peke yake, mbali na wengine. Atiwe kwa mzima, naye augue ugonjwa ule ule. Kisha atolewe tena kwa mgonjwa huyo mpya, naye awe ni yule yule. Kwa kumwotesha peke yake walitumia, na bado hutumia, utando mgumu kama jeli uitwao agari. Shauri la kuutumia lilitoka kwa mwanamke, Fanny Hesse, mke wa msaidizi wa Koch, aliyekuwa akiutumia jikoni. Agari hutoka katika mwani mwekundu wa baharini. Basi viumbe wa bahari hukamatwa kwa mtego uliotoka baharini.

Sasa tuje kwa matumbawe. Mwaka 1996 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv, akiwamo Ariel Kushmaro na mwalimu wake Eugene Rosenberg, walitangaza kwamba tumbawe moja la bahari ya Mediterania huwa jeupe kwa sababu ya bakteria wa jamii ya Vibrio. Mwaka 2001 walimpa jina la Vibrio shiloi, kwa heshima ya mtaalamu Moshe Shilo. Lakini mwaka ule ule wataalamu wengine walimlinganisha na Vibrio mediterranei, aliyekwisha kuandikwa mwaka 1986, wakaona ni mmoja. Kwa desturi ya majina, lililotangulia ndilo lenye haki. Basi jina jipya likaanguka. Na mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2008 Tracy Ainsworth na wenzake walichunguza tumbawe lile lile, wakasema bakteria sicho chanzo cha weupe wake. Mshitakiwa alikuwa amepoteza jina, sasa akaachiliwa pia katika shitaka kubwa.

Kesi ya pili ilianza karibu na kwetu. Katika mwamba ulio karibu na Zanzibar palipatikana matumbawe yaliyokuwa yakiugua, ya aina iitwayo Pocillopora damicornis. Ni tumbawe dogo lenye matawi mafupi mengi kama kichaka, nalo huota katika miamba mingi ya Bahari ya Hindi. Yael Ben-Haim, pamoja na Rosenberg, waliotesha bakteria kutoka kwa mgonjwa huyo, wakamwita kwa muda YB. Wakamtia kwa matumbawe mazima yaliyowekwa katika vyombo vya maji ya bahari. Baada ya siku 3 mpaka 5 yalitokea madoa meupe madogo. Baada ya majuma mawili nyama yote ya matumbawe hayo ilikuwa imeyeyuka, ikabaki mifupa. Yale ambayo hayakutiwa kitu yalikaa salama. Tumbawe gonjwa lilipogusana na zima, zima nalo likaugua. Kijidudu kikatolewa tena, kikawa kile kile. Hivyo masharti ya Koch yalitimia, na habari ikachapwa mwaka 2002.

Lilibaki swali la jina, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye kazi ngumu kuliko yote. Katika mambo ya simba na chui macho yatosha. Bakteria wawili wanaweza kufanana kwa umbo kama punje mbili za mchanga, nao wakawa mbali kwa nasaba kuliko mtu na papa. Kwa hiyo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, Fabiano Thompson na Jean Swings miongoni mwao, walimpima kijidudu huyo kwa njia nyingi. Walitazama vyakula anavyokula na asivyokula, na mafuta yaliyomo katika kuta za mwili wake. Walisoma kipande cha urithi wake kinachohusu ribosomu, yaani karakana ndogo ya kutengeneza protini iliyomo katika kila kiumbe hai. Tangu kazi ya Carl Woese wa Marekani mwaka 1977, kipande hicho hutumika kama shajara ya ukoo. Kisha walichanganya DNA yake na ya jamaa zake wa karibu waone zitashikana kiasi gani, maana tangu mwaka 1987 imekubaliwa kwamba wenye kushikana kwa asilimia 70 au zaidi huhesabiwa aina moja. Huyu hakufika kiasi hicho kwa yeyote. Lakini vijidudu vingine vitano vilivyokuwa vimehifadhiwa vilikuwa ndugu zake hasa: vitatu vya matumbawe ya Bahari ya Shamu, kimoja cha watoto wa chaza wa Uingereza, na kimoja cha watoto wa kombe wa Brazil. Mwaka 2003 aina hiyo ikaandikwa kwa jina la Vibrio coralliilyticus, maana yake ayeyushaye matumbawe.

Katika majaribio hayo lilionekana jambo moja ambalo mvuvi wa Kuruwitu angelielewa mara moja. Chini ya nyuzi 22 za joto kijidudu huyu hakuleta ugonjwa wowote. Maji yalipopata joto zaidi, kuyeyusha kwake kulikwenda mbio. Bahari yetu haipoi kufikia nyuzi 22 hata katika miezi ya kusi. Simshitaki kwa vifo vya Kuruwitu vya mwaka 1998. Mwaka huo joto lenyewe latosha kuwa shahidi, na kesi ya Mediterania imetufundisha tusiwe wepesi wa kunyoosha kidole. Lakini marufuku ya mwaka 2005 yaweza kumzuia mwenye juya, wala haiwezi kuzuia joto wala kinachoamshwa nalo.

Kama mtu angali anadhani majina ni mchezo wa wasomi, na atazame yaliyowapata wafugaji wa chaza wa Marekani. Mwaka 2006 na 2007 watoto wa chaza walikufa kwa wingi katika mabwawa ya pwani ya magharibi ya nchi hiyo, na lawama ikatupwa kwa Vibrio tubiashii. Miaka ilipita wakijihadhari naye. Urithi wa vijidudu vilivyokuwa vimewekwa akiba uliposomwa upya, mwaka 2013 na 2014, ilionekana kwamba baadhi ya vile vilivyoitwa tubiashii ni coralliilyticus, yule yule aliyeandikwa kwanza kwa ushahidi wa tumbawe la Zanzibar.

Kijidudu wa mfano, ambaye kila atakayedai kuwa na coralliilyticus lazima amlinganishe naye, amehifadhiwa hai katika hazina ya Ghent na nyingine ya Marekani. Kanuni huagiza awekwe katika nchi mbili zisizopungua. Afrika Mashariki hayumo katika mbili hizo, wala jina lake halitaji Zanzibar. Wengine walibahatika zaidi: bakteria wa Bogoria aliitwa Bogoriella mwaka 1997, na kiumbe mwingine wa chumvi ya Magadi akaitwa magadii mwaka 1984. Wote hao waliandikwa na wageni. Tangu Mapatano ya Nagoya ya mwaka 2010, yaliyoanza kutumika 2014, nchi yenye kiumbe ina haki ya kuombwa ruhusa na kugawiwa faida. Ni haki nzuri, lakini haki ya kuombwa ni kitu kimoja na uwezo wa kutazama mwenyewe ni kingine. Mwenye hadubini, agari na subira ndiye aandikaye jina.

Na majina yaliyobaki ni mengi. Mwaka 2002 Forest Rohwer na wenzake walichunguza vipande 14 vya matumbawe ya aina tatu kutoka Bermuda na Panama. Wakakuta namna 430 za bakteria, na karibu nusu yake hazikufanana vya kutosha na chochote kilichokwisha kuandikwa. Hizo ni aina tatu tu za matumbawe.

Nilimweleza mzee mambo haya kwa ufupi tulipokuwa tukirudi ufukoni, maji yakianza kujaa na kutufika magotini. Alisikiliza yote, kisha akageuka akautazama mwamba uliokuwa unafunikwa.

"Na hao walio juu ya haya matumbawe yetu," aliuliza, "wana majina?"

"Wengi wao bado, mzee wangu."

Akawatazama wanafunzi wangu mmoja mmoja, kama mtu ahesabuye mabaharia kabla ya kung'oa nanga, nasi tukaendelea na safari yetu ya kwenda nchi kavu.