Neno "Thou" katika Kiingereza cha Kale

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa kwamba neno "you" ni wewe, tena ni ninyi. Kisha siku moja hufungua mchezo wa Shakespeare, au Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611, akakuta neno "thou", litamkwalo "dhau". Je, maana yake nini, na mbona limeachwa?

Maana yake ni wewe, yaani mtu mmoja tu. Hapo kale Waingereza walitenga mmoja na wengi, kama sisi tusemavyo wewe na ninyi. Lakini mwaka 1066 watu wa Normandy, wasemao Kifaransa, waliiteka Uingereza, na lugha yao ikawa lugha ya wakuu. Kwa Kifaransa mtu wa heshima huambiwa ninyi ingawa ni mmoja. Desturi hiyo ikaingia polepole katika Kiingereza. Bwana alimwambia mtumishi "thou", na mtumishi alimjibu "you".

Basi "thou" likawa neno la kuwaambia watoto, wapenzi, watumishi na maadui. Katika mchezo wa Shakespeare uitwao Twelfth Night, mtu ashauriwa kwamba, akimwandikia hasimu wake barua ya kutaka kupigana, amwite "thou" mara tatu, ili amtukane.

Wafasiri wa Biblia hawakuifuata desturi hiyo. Kila aliye mmoja, awe mfalme au mtumwa, walimwita "thou", kwa kuwa Kiebrania na Kiyunani hutenga mmoja na wengi. Ndiyo sababu Mungu pia huitwa hivyo.

Katika karne ya 17 walitokea Wakristo waitwao Marafiki, ndio Quaker, ambao wamisionari wao walifika Kaimosi, nchini Kenya, mwaka 1902. Wao walisema watu wote ni sawa mbele ya Mungu, basi wakamwita kila mtu "thou", hata hakimu. Wengi walichukizwa nao. Kijana mmoja, Thomas Ellwood, alimwita baba yake hivyo. Nasi twajua jinsi mzee aumiavyo anyimwapo maamkio ya heshima. Baba alimpiga, akamwapia kwamba akilisikia tena neno lile atamvunja meno. Kijana hakuiacha imani yake. Baadaye, mwaka 1662, akawa msomaji wa vitabu kwa John Milton, mshairi aliyepofuka.

Lakini watu wengi walipenda kuitwa "you", wala hawakutaka kumvunjia mwingine heshima. Hivyo "thou" likafifia, likasalia katika sala, katika mashairi, na vijijini kwa watu wa kaskazini, kama Yorkshire.

Leo wengi hudhani "thou" ni neno la fahari, kwa kuwa hulisikia kanisani. Sivyo. Msomaji akilikuta kwa Shakespeare, na aulize: huyu asemaye anapenda, anaamuru, au anatukana? Akijua hilo, amejua nusu ya habari.